Nyumba ya Tharia Topan kule Hurumzi na nyumba ya babu Temeke: mgeni analipia nini hasa?

Mwezi huu inboksi yangu imejaa swali moja, kila mtu analiuliza kwa namna yake: "Mimi na jirani tunauza kitu kilekile, mbona yeye anauza bei ya juu na watu wananunua, mimi nikipandisha elfu mbili tu wananikimbia?" Wengi nimewajibu kwa kifupi. Piga picha mchana karibu na mlango, jibu meseji haraka, acha tabia ya "njoo inboksi" wakati bei unaijua. Yote hayo ni kweli. Ila kuna jibu lingine refu, na nimelipata kwenye biashara ambayo wala si yangu, ile ya nyumba za zamani za familia ambazo watu wamezigeuza za kulaza watalii. Leo nitaandika sana, kwa hiyo aliye na chai aiweke karibu.

Kwa wageni wa ukurasa: nina fremu Tandika, nauza mashuka, mapazia, taulo na vyandarua. Nusu ya mauzo yangu ni ya mtandaoni. Nimeishia fomu foo, biashara nimejifunza kwa kuuza.

Nina mteja Unguja, mama mmoja anayesimamia nyumba ya wageni Mji Mkongwe. Aliniagiza mashuka meupe ya pamba na vyandarua. Nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu: sita kwa sita au tano kwa sita? Akacheka. Akaniambia vitanda vyake ni samadari za zamani, kila kimoja kina vipimo vyake, na chandarua kinatakiwa kifuate nguzo za kitanda, kisining'inie kama mwavuli. Basi nikapanda boti ya asubuhi na futi kamba mfukoni, nikaenda kupima mwenyewe. (Tip ya bure: mteja wa vipimo vya ajabu ndiye mteja anayebaki. Akishapata mtu mmoja anayejua vipimo vyake, hana sababu ya kuhangaika na mwingine.)

Nikapima. Kitanda cha babu wa mtu. Ukuta una mabonde. Ngazi zimesimama wima mpaka unapanda ukishika kamba. Chumba chembamba kama behewa. Nikamuuliza bei ya usiku mmoja, akanitajia, nikadhani nimesikia vibaya. Usiku mmoja pale unazidi kodi ya mwezi mzima ya chumba huku kwetu Temeke. Na wageni wameshalipia mpaka miezi ya mbele. Nje kidogo ya mji kuna hoteli mpya, vigae vinang'aa, bei yake iko chini ya hiyo na vyumba vinalala tupu. Sasa hapo mgeni analipia nini?

Yule mama hakunijibu kwa maneno mengi. Aliniambia nikitoka nipite mtaa wa Hurumzi nikaangalie jengo namba 236. Nikapita, na niliporudi Dar nikaanza kusoma na kuuliza, nikajikuta nimezama.

Jengo lile leo ni hoteli inayoitwa Emerson on Hurumzi. Ni refu, linahesabiwa kati ya majengo marefu kabisa ya Mji Mkongwe. Lakini lilianza kama nyumba ya mtu na familia yake, na mtu mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, kwa hiyo anatuhusu.

Tharia Topan alizaliwa Kutch, magharibi mwa India, mwaka 1823. Alifika Zanzibar akiwa bado mtoto, hana kitu. Akapata kazi kwenye kampuni ya Jairam Shivji, iliyokuwa imekodi forodha ya Sultani. Nieleze hapo kidogo. Enzi zile Sultani hakuwa na kitu kama TRA. Alimkodishia tajiri mmoja forodha nzima, tajiri anampa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka, kinachozidi ni chake. Topan akaanzia chini kabisa ndani ya kampuni hiyo, akapanda, mpaka enzi za Sayyid Barghash forodha ikawa mikononi mwake yeye. Barghash alipokwenda Uingereza mwaka 1875, Topan alikuwa kwenye msafara. Baadaye akapewa cheo na Malkia Victoria, akawa Sir Tharia Topan. Mtoto aliyeingia bandarini mikono mitupu.

Kilichomtajirisha, ukiacha forodha, ni kitu ambacho kila mmoja wetu hapa anakijua: mali kauli. Alikuwa anawakopesha wenye misafara nguo, shanga, waya na bidhaa nyingine, wanaingia nazo bara, Tabora, Ujiji, mpaka Manyema huko Kongo, wanarudi na pembe za ndovu, wanalipa. Tippu Tip alikuwa mteja wake. Tippu Tip mwenyewe aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Topan yumo. Fikiria sasa. Sisi tukimkopesha mtu mashuka manne anazima simu baada ya wiki mbili. Huyu alikuwa anamkopesha mtu anayekwenda kwa miguu mpaka Kongo, hakuna simu, hakuna lipa namba, na anasubiri miaka. Sijui alilalaje usiku. Lakini pesa zilizojenga ukuta ule zilitoka huko.

Na hapa siwezi kuruka, maana wengi wakisimulia nyumba hizi huwa wanaruka. Pembe zile hazikujibeba. Biashara ya misafara ilikwenda pamoja na utumwa, na karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea mpaka amri ya Sultani Hamoud ya tarehe 6 Aprili 1897. Amri hiyo iliweka fidia, na fidia ilikuwa ya mwenye mtumwa. Aliyekuwa mtumwa hakupewa kitu. Wenyeji wa Mji Mkongwe husimulia kwamba jina Hurumzi limetokana na neno huru, kwa sababu ni pale Waingereza walipokuwa wakilipa ili watu waachiwe huru. Kwa hiyo nyumba ambayo leo mgeni analala kwenye mito ya rangi rangi, imebeba hesabu zote mbili, ya aliyetajirika na ya walioachiwa. Mimi naona mwenye hoteli anayemwambia mgeni yote mawili ndiye anayejua anachouza. Anayesema "kasri la kale la kifahari" halafu basi, anauza nusu ya mzigo.

Tuendelee. Topan alianza jengo lingine kubwa, lile la mbele ya bahari lenye roshani za mbao za nakshi, ambalo wengi mnalijua kama Old Dispensary. Jiwe la msingi aliliweka mwaka 1887, kuadhimisha miaka 50 ya Malkia Victoria kwenye kiti. Akafariki mwaka 1891, jengo halijaisha. Likamaliziwa mwaka 1894, lakini halikukaa kwenye familia, likauzwa, na mmiliki mpya akaweka duka la dawa chini, ndiyo asili ya jina. Yaani mtu tajiri kuliko wote tunaowajua, jengo lake leo linaitwa kwa jina la duka la dawa la mtu mwingine. Nitalirudia hili nikifika Temeke.

Kabla ya kwenda mbele, turudi kwenye chumba chembamba kama behewa, maana kuna sababu na mimi muuza mapazia imenifurahisha sana. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haina urefu unaoutaka wewe, ina urefu iliyopewa na Mungu. Kwa hiyo upana wa chumba unaishia pale boriti inapoishia, mita tatu hivi, na ukitaka chumba kikubwa unakirefusha, hukipanui. Boriti hizo nyingi zilikuwa zinakatwa delta ya Rufiji, zinapakiwa majahazini kwenda Zanzibar na mpaka Uarabuni. Babu yangu ni wa Rufiji. Nilisimama mle ndani nikaangalia juu, nikajisemea, huenda hizi zilipita kwetu.

Mambo ya chokaa nayo yana somo lake. Fundi asiyejua akipiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa na matumbawe, unyevu unakosa pa kutokea, ukuta unaoza ndani kwa ndani huku nje unaonekana mpya. Yule mama aliniambia fundi wa chokaa ni ghali na ni mzee, na hamwachi.

Mwaka 1964 yakaja Mapinduzi. Matajiri wengi wa Mji Mkongwe, Waarabu na Wahindi, waliondoka au waliondolewa, na nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali. Wakaingizwa watu waliokuwa hawana pa kukaa, familia nyingi ndani ya nyumba moja, kodi ndogo. Mimi siwezi kumlaumu aliyepata chumba cha mawe baada ya kukaa kwenye kibanda maisha yake yote. Lakini hakuna aliyekuwa na hela ya kutengeneza paa, na nyumba ya chokaa paa likivuja inakufa haraka. Miaka ya 1980 zilikuwa zinaanguka. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji ukaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hata hivyo si kwamba yameisha. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883, ilianguka, watu wawili wakafa.

Wakati zile nyumba zinaanguka na biashara binafsi inaanza kufunguliwa tena, ndipo alipokuja Mmarekani mmoja wa New York, Emerson Skeens. Yeye na mwenzake Thomas Green wakaichukua nyumba ya Topan, katikati ya miaka ya 1990 wakaifungua kama hoteli, Emerson & Green. Walichokifanya, kwa jicho la muuzaji, ni hiki: hawakujaribu kuifanya ifanane na hoteli. Vyumba havifanani, vitanda ni vya zamani, na juu ya paa waliweka sehemu ya chakula ambapo watu wanakaa chini kwenye mito wanaangalia jua linazama. Kila kilichokuwa kero ya nyumba ya kizee wakakigeuza kuwa ndicho cha kukijia. Skeens aliishi Zanzibar mpaka alipofariki mwaka 2014. Jina la hoteli limebadilika, nyumba ipo.

Na wengine wakafuata, kila mmoja kwa stori yake. Kholle House inatangazwa kwa jina la Bi Kholle, binti wa Sayyid Said, dada yake yule Bi Salme aliyetoroka mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani akaandika kitabu. Jafferji House mtaa wa Gizenga ilikuwa nyumba ya familia ya Javed Jafferji, mpiga picha na mchapishaji, na kazi zake ziko ndani. Tembo, pale ufukweni, karne ya 19 palikuwa ubalozi mdogo wa Marekani, na mpaka leo hoteli ile haiuzi pombe, na inajaa. Hili la pombe lishikeni, lina kazi mbele.

Nimewazungusha Unguja kwa sababu kuna nyumba Temeke.

Babu yangu mzaa baba alitoka Rufiji akaja kuwa kuli bandarini, akajenga nyumba Temeke. Nyumba ya Kiswahili ya kawaida kabisa, mnazijua: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma uwani na jiko na choo. Mwanzo ilikuwa miti na udongo, baadaye matofali. Kariakoo zilikuwa zimejaa nyumba za hivi, leo zimebaki za kuhesabu, zimekuwa ghorofa. Kwetu Temeke bado zipo, na madalali wanazipita kila siku wakizihesabu.

Babu hayupo, bibi hayupo. Anayekaa pale ni shangazi, na wapangaji wawili. Baba mdogo anataka iuzwe. Dalali ameshamletea mnunuzi anayetaka kiwanja tu, yaani nyumba kwake ni gharama ya kubomoa. Baba mdogo si mtu mbaya, ana watoto watatu shule na hesabu yake iko wazi, pesa igawiwe kila mtu ajue lake. Mimi na dada zangu tukaja na wazo lingine. Vyumba viwili vya mbele vitengenezwe, viwekwe Airbnb, wageni wanaopita Dar wakalale kwenye nyumba ya Kiswahili ya kweli badala ya apatimenti inayofanana na ya kila nchi.

Shangazi alivyosikia akasimama. "Nyumba ya baba yangu haiwi gesti." Na nyie mnajua neno gesti kwa Kiswahili cha Dar limebeba nini. Anaona mapazia mekundu, watu wa saa mbili, majirani wanamnyooshea kidole akienda msikitini. Nilimwelewa kabisa. Ndiyo maana nilimwambia habari za Tembo, kwamba kuna watu wanaendesha hoteli kubwa mbele ya bahari bila chupa moja ya bia na wageni wanalipa. Akanyamaza. Akauliza, "Na wanaandika majina?" Nikamwambia lazima, mgeni anaandikwa, na biashara hii ina leseni zake na tozo zake, hatuwezi kuendesha gesti bubu. Kwa wanaofikiria jambo kama hili: kabla hujaposti picha hata moja, nenda ofisi ya biashara ya manispaa yako na TRA, uliza kinachotakiwa, andika. Ni siku mbili za foleni.

Ila jambo lililonikalia kichwani zaidi ni lile la Topan na jengo lililobaki na jina la duka la dawa. Nyumba ya babu mpaka leo iko kwa jina la marehemu. Hakuna msimamizi wa mirathi. Kila mtu kwenye ukoo anasema "nyumba yetu" na hakuna anayeweza kusaini. Hapo huwezi kuuza kihalali, huwezi kukopea, na huwezi kuniambia mimi niweke hela ya kupaka rangi kwenye ukuta ambao kesho mtu anaubomoa. Zanzibar wana utaratibu wao, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni wakfu, zina kamisheni inayozisimamia, hazichezewi na mjukuu yeyote. Sisi huku Bara njia ni hii: kikao cha ukoo, muhtasari unaoandikwa na kusainiwa, jina la mtu mnayempendekeza, kisha Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Na msimamizi si mmiliki, wadau. Hilo naliandika kwa sababu nimeona watu wakiteuliwa wakaanza kutembea kama mabosi. Anatakiwa akusanye mali, alipe madeni, agawe kwa warithi, halafu arudi mahakamani aeleze alichokusanya na alivyogawa.

Wakati tunasubiri hayo, kuna kazi moja haihitaji saini ya mtu. Nimeanza kukusanya stori ya nyumba. Kila Ijumaa jioni nakaa na shangazi uwani, simu inarekodi, namuuliza chumba kwa chumba. Na hapa ndipo nilipogundua kitu ambacho sikuwahi kukiona ingawa nimekulia mle: nyumba ile haijawahi kuwa bila wageni. Babu alikaa chumba kimoja na bibi, watoto kimoja, vinne akapangisha. Chumba cha kwanza kulia alikaa kuli mwenzake wa Kilwa aliyepikiwa na bibi miaka sita. Kinachofuata alikaa fundi cherehani ambaye alishona nguo za harusi za mtaa mzima, na alama za miguu ya cherehani yake bado ziko kwenye sakafu, vishimo vinne. Walipita muuza samaki wa Ferry, mwalimu wa UPE, na mama mmoja aliyekuja kwa wiki moja kumuuguza ndugu yake akakaa miaka kumi na moja. Wageni wa Temeke walikuwa wanalipa kwa mwezi, tofauti ni hiyo tu.

Kuna jambo la tarehe pia. Nyumbani tumekua tukiambiwa nyumba ilijengwa "mwaka wa Uhuru". Ni tamu, na kwa mtalii ingeuza sana. Lakini kwenye sanduku la bibi nimekuta risiti ya mabati ya 1963. Dada yangu anasema tuandike 1961, nani atajua. Mimi nimesema hapana, na sitaki kubishana tena. Risiti yenyewe tutaiweka kwenye fremu ya kioo ukumbini. Mgeni akiuliza atasoma mwenyewe, tena ina jina la babu kwa mwandiko wa karani. Ukishadanganya mwaka, mgeni akigundua anaanza kuwa na shaka mpaka na vishimo vya cherehani.

Wengine mtasema sisi si Zanzibar, hatuna milango ya nakshi. Sawa. Lakini nendeni Magomeni mkaone nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere enzi za TANU. Ni nyumba ya kawaida ya Magomeni, wala si kasri, na imehifadhiwa na watu wanakwenda kuitazama. Sisemi babu yetu kuli ni Mwalimu. Nasema nyumba ndogo inatosha ikiwa unajua nani alikaa ndani na unaweza kuonyesha.

Na hii narudisha kwa aliyeniuliza kuhusu jirani anayeuza ghali. Nimeijaribu kwa vitu vyangu. Nina mapazia ya aina mbili, moja ya kiwandani na moja ninayomshonesha mama mmoja wa Mbagala. Zamani nilikuwa naandika yote "pazia zuri, bei poa". Mwezi uliopita ya Mbagala nikaandika yalivyo: yanashonwa na nani (kwa ruhusa yake, bila jina), kwa siku ngapi, kwa nini pindo lake ni mara mbili, na kwamba siwezi kupata zaidi ya jozi sita kwa wiki. Sikugusa picha. Bei nikaongeza elfu nane. Yakaisha Jumatano. Ya kiwandani sikuyatungia lolote, kwa sababu hayana la kutunga, nayauza kwa bei yake na mteja wake yupo.

Rangi ya vyumba vya mbele tumeshachagua, chokaa nyeupe, na mashuka nimeyatenga stoo. Sijanunua kitanda. Nimewaambia dada zangu hatununui hata balbu mpaka msimamizi apatikane. Kikao cha ukoo ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, pale pale nyumbani. Baba mdogo ametuma ujumbe kwenye grupu la WhatsApp kwamba atakuja na dalali wake. Shangazi hana simu ya kujibu grupu, kwa hiyo alinituma mimi niandike kwa niaba yake: aje naye, chai ipo, ila dalali atakaa barazani.